Mkopo wa Kilomita Kumi za Mwanzo

Maneno niliyosema mbele ya wanachama wa klabu yetu ya jogging, Dar es Salaam, wiki tatu kabla ya Kilimanjaro Marathon

Mwenyekiti, katibu, mama zetu wa chai na vitumbua, wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jasho.

Nimepewa dakika ishirini na mwenyekiti ameshaanza kuangalia saa. Nimeitwa niongee na wale kumi na tisa waliojiandikisha kilomita 42 kwa mara ya kwanza. Wa 21 na wa 5 mnaruhusiwa kusikiliza, ila msicheke sana, mwakani ni zamu yenu.

Wengi mmeniuliza habari za viatu. Viatu leo sivigusi. Mazoezi nayo, kama hukuyafanya mpaka leo, wiki tatu hizi hazitakuokoa, zitakuumiza tu. Kilichobaki mikononi mwako ni mwendo. Utaondoka vipi pale uwanja wa Ushirika, Moshi, na utafika na nini kwenye kupanda barabara ya Mweka.

Wala sitawaambia haraka haraka haina baraka. Tumeisikia tangu darasa la kwanza. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliisema kwa mdomo wangu mwenyewe nikiwa nafunga kamba za viatu, jirani yangu akaitikia "kweli kabisa." Dakika kumi baadaye nilikuwa nafukuzana na kijana mmoja aliyevaa jezi ya Simba. Simjui, hanijui, wala hakuwa na habari kama kuna mtu anashindana naye.

Nilikuwa nimepanga kumaliza kwa saa 4 na nusu. Hiyo ni dakika 6 na sekunde 24 kwa kila kilomita, na nilikuwa nimeiandika kwa peni ya bluu kwenye kiganja. Kilomita ya kwanza natazama saa: 5:20. Nikajiambia ni joto la kuanza, itatulia yenyewe. Ya pili, 5:22. Baada ya ya tatu nikaacha kutazama, maana mtu anayekula vizuri haulizi bei. Asubuhi ilikuwa na ubaridi, mlima uko wazi mpaka theluji inaonekana, watoto wamejipanga barabarani wananyoosha viganja niwagonge. Mwili mwepesi kama wa kuazima. Nikaanza kuwaza kwamba huenda nina kipaji ambacho Taifa lilikipitia bila kukiona. Kilomita ya kumi nikaifikia kwa dakika 54, wakati mpango ulisema 64. Yaani nilikuwa na dakika kumi mfukoni.

Shikeni hapo, dakika kumi mfukoni.

Ile njia, kwa ambao hamjaiona, inaanza kwa kuwabembeleza. Mnatoka mjini mnashika barabara kuu ya kwenda Dar, mnageuka, mnarudi. Kwa mtu aliyezoea mazoezi ya huku kwetu hakuna la kutisha. Karibu na nusu ya safari ndipo barabara inapoinua kichwa kuelekea Mweka, na kupanda huko si kwa kilima kimoja ukakimaliza ukashukuru Mungu. Ni kupanda kwa kilomita nyingi, kidogo kidogo, na jua limeshatoka.

Kilomita ya 24 mapaja yakaanza kuwa mazito. Ya 27 nilikuwa nahesabu nguzo za umeme. Ya 29 hivi, migomba huku na huku, mama mmoja akatokea kwenye kichochoro na mkungu wa ndizi kichwani. Mimi nakimbia, au nadhani nakimbia. Yeye anatembea, tena kwa kandambili. Akawa nyuma yangu, akawa ubavuni mwangu, akanipita. Alipofika mbele kama hatua tano akageuza mwili mzima, kwa sababu mwenye mkungu kichwani hageuzi shingo, akaniambia, "Pole, baba." Kwa huruma ya kweli. Nikakaa kwenye jiwe.

Nilimaliza kwa saa 5 na dakika 38. Sasa pigeni hesabu pamoja nami. Kwenye kilomita ya kumi nilikuwa mbele ya mpango kwa dakika 10. Mwisho nikawa nyuma ya mpango kwa dakika 68. Nilichukua kumi, nikarudisha 78.

Hapa ndani kuna watu wanaoijua mikopo ya kausha damu. Sitaomba mikono juu. Mnajua inavyokuja: haina maswali mengi, hela unapewa leo leo, unatoka pale unatabasamu. Marejesho ndiyo yanayokutafuta mpaka mlangoni, wanabeba na sufuria. Basi kilomita za mwanzo za marathoni zinakopesha hivyo hivyo. Hazikuulizi kazi yako wala mdhamini. Unachukua sekunde sitini hapa, sitini pale, na mwili wako unasaini kila karatasi bila kusoma. Siku ya rejesho ni Mweka.

Nieleze kidogo kwa nini, maana kuna daktari yumo humu na nisipoeleza atanisahihisha mbele za watu. Mwili una akiba mbili za kukimbilia. Ya kwanza ni wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na kwenye ini, wanaita glaikojeni. Ni akiba nzuri, inawaka haraka, lakini ni ndogo, kwa mtu wa kawaida ni kalori kama 2,000 hivi. Ya pili ni mafuta, na hayo hata aliyekonda kama mimi anayo ya kumtosha kwenda Moshi na kurudi kwa miguu. Shida ya mafuta ni kwamba yanawaka polepole na yanataka hewa nyingi.

Kukimbia kunagharimu, kwa makadirio, kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mwenye kilo 70 anahitaji karibu 3,000 kumaliza 42. Kwa hiyo wanga peke yake haufiki, lazima mafuta yachangie. Sasa ukikimbia taratibu, mafuta yanachangia sehemu kubwa na wanga unabaki. Ukikimbia kwa kuhema, mwili unasema mafuta yananichelewesha, leteni wanga, na unauchoma kama mkaa wa kwenye shughuli. Ule "ukuta" mnaousikia wa kilomita ya 30 au 32 haukujengwa pale. Ulianza kuujenga wewe mwenyewe kwenye barabara ya Dar, ukiwa unatabasamu na kugonga watoto viganja.

Kuna mmoja atasema, kocha, hayo ni ya sisi wanyonge, mabingwa huondoka kama risasi. Tuwatazame mabingwa. Berlin, mwaka 2018, Eliud Kipchoge alivunja rekodi ya dunia kwa saa 2:01:39. Nusu ya kwanza alitumia dakika 61 na sekunde 6, nusu ya pili 60 na 33. Marehemu Kelvin Kiptum, Chicago, 2023, saa 2:00:35: nusu ya kwanza 60:48, ya pili 59:47. Hao ni miongoni mwa watu wenye kasi kuliko wote, na bado nusu ya kwanza walificha nguvu.

Na wa kwetu. Septemba 2025, marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha, Tokyo, siku ya joto na unyevu unaofanana na wetu wa Machi. Alphonce Simbu alikuwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros hata mkanda ulipokwisha kuonekana. Wote wawili wakaandikiwa saa 2:09:48. Ilibidi picha iamue, na tofauti ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde. Tukapata dhahabu ya kwanza ya dunia ya riadha. Mnakumbuka kelele za siku ile. Kwa saa mbili na dakika tisa yule mtu alikuwa na nafasi elfu za kwenda mbele apungiwe mikono, na alichobakiza ndicho alichotumia kwenye mita za mwisho.

Lakini nitakuwa mwongo nikisema Mtanzania hajawahi kushinda kwa kutoka mbele. Ndiyo iliyokuwa sifa yetu. Filbert Bayi, Christchurch, 1974, mita 1,500: aliongoza tangu mwanzo, hakumpa mtu nafasi, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3:32.16. Wazee mliokuwa na redio mnakumbuka. Nadhani ndiyo maana sisi tukivaa namba kifuani tunaona aibu kuanza nyuma, tunahisi kama tunamwangusha Bayi. Ila ile ni mbio ya dakika tatu na nusu. Juma Ikangaa aliipeleka tabia hiyo kwenye marathoni, na kwa mtu wa kiwango chake ilimpa New York mwaka 1989, saa 2:08:01. Boston ilimpa nafasi ya pili mara tatu mfululizo, 1988 hadi 1990. Boston nayo, kama Moshi, ni njia inayobembeleza mwanzoni, inateremka, halafu inakuwekea vilima baadaye. Mwaka 1990 Ikangaa alitoka kwa kasi ya kutisha, na Gelindo Bordin wa Italia akaja akampita, akamwacha kwa dakika moja na sekunde 33. Na huyo ni Ikangaa! Mimi na wewe tunatoka Ilala kwa bodaboda.

Twende kwenye namba. Chukua muda wako bora wa nusu marathoni wa karibuni, ule wa kweli, siyo ule unaouandika kwenye hali ya WhatsApp. Tuseme ni saa 2 na dakika 15. Uzidishe mara mbili, unapata saa 4 na nusu. Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo nilipoishia mimi. Ongeza dakika 20 kwa sababu ni mara yako ya kwanza: 4:50. Halafu, kwa kuwa umekimbia nusu yako huku Dar kwenye tambarare na unakwenda kupanda Mweka, ongeza nyingine kumi. Saa 5 kamili. Hiyo inatoa wastani wa dakika 7 na sekunde 6 kwa kilomita.

Sasa kilomita kumi za mwanzo usiende 7:06. Nenda 7:20. Najua mnaniangalia vipi. Utapitwa na watu wenye vitambi, na mwenye kikapu, na yule jirani yako wa kazini ambaye hajafanya mazoezi tangu Krismasi. Waache, utawakuta. Ukienda 7:20 badala ya 7:06 kwa kilomita kumi, umepoteza dakika mbili na sekunde ishirini. Dakika mbili! Foleni ya Mwenge tu inakula zaidi ya hizo. Linganisha na 78 zangu.

Na hiyo saa ya mkononi muiamini kwa kiasi. Njia ya mbio hupimwa kwa mstari mfupi kabisa, kona kwa kona. Wewe utakwepa watu, utakwenda pembeni kuchukua maji, utamfuata mpiga picha. Saa itakwambia umemaliza 42.2 na mkanda bado uko kule.

Kwenye mwinuko saa haifai kabisa. Mtu anayeng'ang'ania 7:06 wakati barabara inapanda anakopa tena, mara hii kwa riba kubwa zaidi. Na hapa ndipo nina jambo ninalojivunia kulisema mbele yenu, kwa sababu sisi watu wa jogging tuna kipimo ambacho wenye saa za milioni hawana.

Kila Jumamosi tunakimbia na wimbo. Kiongozi anatoa, sisi tunaitika. Mmewahi kujiuliza kwa nini mchakamchaka wa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na wa shule zetu ulikuwa na nyimbo? Raha ilikuwepo, ndiyo, ila mtu anayeweza kuitika wimbo mzima, kwa sauti, bila kukata neno katikati, mwili wake unapata hewa ya kutosha kuchoma mafuta. Akianza kuitika nusu, au anafungua mdomo tu kama samaki ili kiongozi asimwone, ameshavuka mstari. Mimi nawajua wa kufungua mdomo. Wako safu ya tatu.

Basi kipimo ni kiitikio. Mpaka kilomita ya 21 uweze kuitika wimbo mzima. Ukiwa peke yako, msimulie mwenzako umbea, na umbea uwe na mwanzo, kati na mwisho. Kwenye kupanda Mweka uweze walau kutoa sentensi moja ya maana kabla ya kuvuta pumzi. Ukishindwa, fupisha hatua. Bado unashindwa, tembea.

Naam, tembea. Kuna watu wameinama niliposema hivyo. Kutembea kwa mpango, kwa mfano kila meza ya maji hatua hamsini za haraka, tangu mapema, kabla hujachoka, ni mwendo kama mwendo mwingine. Kutembea kwa kulazimishwa kwenye kilomita ya 30 ndiko kunakoua, kwa sababu ukisimama hapo miguu inakauka kama udongo wa tofali na kuiwasha upya ni kazi. Wale wanaowapandisha wageni Kilimanjaro hawasemi kitu kingine siku nzima ila "pole pole", na wageni wengi hushuka kwa njia hiyo hiyo ya Mweka wakiwa wamefika kileleni. Tunawauzia wageni hilo neno, sisi wenyewe hatulitumii.

Mteremko wa kurudi nao una hila. Ukigeuka kule juu utaona kama umefunguliwa mlango, kilomita karibu kumi za kushuka kuelekea mjini. Usijiachie. Kushuka hakuchoshi pumzi, kunapasua mapaja, kwa sababu kila hatua paja linafanya kazi ya breki. Hatua fupi, za harakaharaka, mikono chini. Ukifika kilomita ya 36 au 37 na bado unaweza kuitika, hapo sasa nenda. Hiyo hela ni yako, haina anayeidai.

Kula na kunywa nitapita haraka, mama zetu walishafundisha wiki iliyopita. Anza kula mapema, kilomita ya 7 au 8, kabla hujahisi njaa, halafu kila baada ya dakika arobaini hivi. Jeli kama unayo na uliijaribu mazoezini. Kama huna, tende na kipande cha ndizi vinafanya kazi hiyo hiyo. Maji kunywa kwa kiu. Msishindane kunywa kila meza mpaka tumbo linacheza kama dumu, maji mengi kupita kiasi yanashusha chumvi ya damu, na hiyo ni hatari kweli kweli. Jua likiwa kali kuliko kawaida, ongeza sekunde 15 au 20 kwenye kila kilomita tangu mwanzo, usingoje likuongezee lenyewe.

Dada yangu pale mbele ameniuliza kabla hatujakaa: "Nikifika kilomita ya kumi nikajisikia nina nguvu kweli kweli, niongeze?" Dada, utajisikia hivyo. Ukifika kumi bila kujisikia hivyo, ndiyo uanze kuogopa. Zile nguvu zina kazi zake mbele, usizitumie kumfurahisha mtu wa barabara ya Dar ambaye hutamwona tena maishani.

Na mzee wangu, shikamoo tena, ameuliza kama si aibu kuwa wa mwisho, akanitajia John Stephen Akhwari. Mzee, Akhwari alianguka kwenye marathoni ya Olimpiki, Mexico, mwaka 1968, akaumia goti, akafungwa bandeji, akaingia uwanjani saa moja na ushee baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kumaliza. Alikuwa wa mwisho, na dunia inamjua mpaka leo. Lakini Akhwari aliumia kwa kuanguka. Mimi nilikaa kwenye jiwe kwa ujinga wangu. Tusimtaje kila tunapoharibu hesabu zetu wenyewe.

Mwenyekiti anasimama, kwa hiyo namalizia na utaratibu. Wote kumi na tisa tutasimama nyuma kabisa ya umati, mkono wa kushoto. Baruti ikilia hatukimbii, tunatembea mpaka tuvuke mstari. Muda wako unahesabiwa na chipu unayoivaa, kuanzia unapovuka mstari, siyo na baruti, kwa hiyo hakuna anayekuibia. Kiongozi wa wimbo mmeshamchagua. Ukiwa nasi, itika. Ukiona sauti ya wimbo inabaki nyuma yako kabla ya kilomita ya kumi, jua umeanza kusaini karatasi. Simama, funga kamba ya kiatu hata kama haijafunguka, tungoje.